Mombasa na kombe la ligi ya Kenya

Ndugu yangu, wasema Mombasa haijawahi kuchukua ligi ya soka ya Kenya? Imechukua, 1965. Si klabu ya Bandari, ni Feisal. Ligi ya taifa ilianza 1963 na Nakuru All-Stars wakaibeba, mwaka uliofuata Luo Union, kisha Feisal. Na hadi leo hakuna timu nyingine ya Mombasa iliyolibeba kombe hilo, Bandari aliishia nambari mbili msimu wa 2018/19. Waulize wazee wowote barazani hapa Mji wa Kale habari za Ali Kajo na Ahmed Breik, wachezaji wa Feisal, lakini uwe na wakati, maana kahawa itapoa na hadithi bado yaendelea. Feisal yenyewe haipo tena, ndiyo maana nyinyi vijana hamuijui.