Roboti za ghala la mkonge: anza na sakafu

Kaka, umeuliza ununue roboti zipi za kubeba marobota ya mkonge ghalani kwako Tanga: zinazofuata utepe wa sumaku sakafuni, au zinazojitafutia njia kwa leza. Mzigo wako unaupanga upya kila mara, kwa hiyo chukua za leza. Utepe ungeubandua kila wiki. Ila kwanza fagia, uikague sakafu. Ufa unaoingia kidole gumba unatosha kukwamisha gurudumu dogo. Robota moja kwa kawaida ni kilo 250, basi roboti inayobeba kilo 100 tu mwachie muuzaji, hata iwe na taa za harusi. Na zile nyuzi! Zinajisokota kwenye ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, kama nywele kwenye kitana. Usilipe kabla hujaijaribu hapo hapo kwako, vumbi likiwa limetanda.