Safari ya Uluru: muulize mwalimu nani atawaongoza

Dada, umeuliza kama safari ya shule ya mwanao kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa wa jangwani Australia, itamfunza chochote kuhusu Waaborijini, wenyeji wa asili wa huko, au ni kupiga picha tu. Inategemea nani anawaongoza. Waulize walimu kama watatembezwa na mtu wa jamii ya Anangu, Waaborijini wa eneo hilo, maana ardhi ile ni yao. Serikali ya Australia iliwarudishia mwaka 1985. Mwamba wenyewe haupandwi tena tangu Oktoba 2019, na kwa kweli afadhali. Kuna sehemu takatifu zisizopigwa picha, vibao vipo. Mwanao asiwabane wazee wa Anangu kwa maswali pia: simulizi nyingine ni za wanaume tu au wanawake tu, hazisemwi mbele ya wageni. Halafu mfungashie koti zito, usiku wa Julai jangwani kuna baridi kali.