Jibu: Mafuta ya mwarobaini na vidukari wa chainizi

Mkuu, umeuliza mbona vidukari kwenye chainizi yako hapo Kigamboni bado wanatembea siku mbili baada ya kupuliza mafuta ya mwarobaini. Vuta subira. Hii si sumu ya kuangusha papo hapo: azadiraktini, kemikali iliyomo kwenye mwarobaini, humkatisha mdudu hamu ya kula na kumvuruga asijivue gamba, anakufa taratibu. Ila kupuliza saa sita mchana ndiko kulikokuponza, jua la Dar huivunja kemikali hiyo haraka. Puliza jioni, hasa chini ya majani, ndiko wanakojazana. Mililita 5 kwa lita ya maji, na sabuni ya maji kidogo, la sivyo mafuta yanaelea tu. Rudia baada ya siku 7. Jaribu majani machache kwanza. Mimi niliwahi kuzidisha, mchicha ukaungua wote.