Maswali ya Wasomaji: Tumuageje Mmaori kwa Lugha Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu mwenzetu kutoka New Zealand, ambaye ni Mmaori, anarejea kwao pamoja na mumewe kwa kuwa amefiwa na bibi yake. Tungependa kuwaaga kwa Kimaori na kuwaandikia kadi. Nimekutana na maneno "haere rā" na "e noho rā", yote yakielezwa kuwa ni kwaheri. Tutumie lipi, na katika msiba husemwa nini? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Tafadhali mfikishieni mwenzenu pole zetu. Kwa kuwa wao ndio wanaosafiri, semeni "haere rā", ambayo huambiwa anayeondoka. "E noho rā" ni kauli ya anayeondoka kwa wanaobaki, kwa hiyo hiyo itegemeeni kutoka kwao. Angalieni pia idadi: sisi tuna kwaheri ya mmoja na kwaherini ya wengi, lakini Kimaori huwatenga hata watu wawili, hivyo mke na mume mtawaambia "haere rā kōrua", nao watalijibu kundi lenu "e noho rā koutou". Mkitaka kuonyesha kwamba mnatumaini kukutana tena, ongezeni "ka kite anō", inayolingana na kwaheri ya kuonana na ambayo husemwa na yeyote, awe anakwenda au anabaki.

Matamshi hayatawasumbua, kwani irabu zao ni tano kama zetu. Mstari mdogo juu ya irabu huonyesha kwamba sauti inavutwa, nao usiachwe kwenye kadi, kwa sababu urefu huo hubadili maana: "tupuna" ni babu au bibi mmoja, "tūpuna" ni wengi.

Kuhusu msiba, jambo la kwanza kujua ni kwamba Wamaori humuaga marehemu kwa kuzungumza naye moja kwa moja. Katika tangihanga, yaani maombolezo ambayo kwa kawaida huchukua takriban siku tatu kwenye marae, uwanja wa jamii wenye nyumba ya mikutano, mwili hauachwi peke yake, na wazungumzaji huugeukia wakisema "haere, haere, haere", wakimtuma marehemu kwenye safari ya roho inayopitia Te Rerenga Wairua, kwenye ncha ya kaskazini ya nchi, hadi Hawaiki, asili ya mababu. Hotuba hizo huitwa poroporoaki. Mfalme wa Wamaori, Tūheitia, alipofariki tarehe 30 Agosti 2024, watu kwa maelfu walifika kumuomboleza katika marae ya Tūrangawaewae, mjini Ngāruawāhia, hadi tarehe 5 Septemba, alipopelekwa kwa waka, mtumbwi wa jadi, kupitia mto Waikato kwenda kuzikwa katika mlima Taupiri.

Kwa hiyo, ingawa kwetu huenda ikaonekana ajabu kumwandikia aliyekwisha kufa, nawashauri mstari mmoja wa kadi muuelekeze kwa bibi mwenyewe: "Haere rā, e kui, moe mai rā", yaani nenda, bibi, ulale. Neno "e kui" ni la heshima kwa mwanamke mzee. Mwenzenu mwandikieni "kia kaha", ya kumtaka ajipe moyo, kisha mmalizie kwa "aroha nui", upendo mwingi, juu ya majina yenu.