Mashine ya boti ya mtumba: ununue au uache?

Barua za safari hii zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu ndiyo kwanza aanza kazi ya bahari, fedha si nyingi, na kuna mtu ana mashine anaiuza. Tumejibu tano.

Mimi ni kijana wa Shela, nina boti ya mbao ya futi 20. Nimepata mashine ya nguvu za farasi 40 iliyotumika kwa bei ya 15 mpya. Niichukue? Nitavua ndani, upande wa Manda na Mkanda.

Usiichukue, ndugu yetu. Kwa maji ya ndani, 15 yakutosha. Ile 40 itakula mafuta kila siku hata samaki wasipopatikana, ni nzito kwa ubao wa tezi (ule wa nyuma unaofungiwa mashine) usiotengenezewa uzito huo, na ikiharibika kila kipuri chake ni ghali zaidi. Hatusemi lazima ununue mpya. 15 iliyotumika, ya aina ambayo mafundi wa Lamu wanaifungua kila wiki, ni bora kwa anayeanza kuliko mashine kubwa ya bei ya kuvutia. Kabla ya kuuliza bei, muulize fundi kama vipuri vyake vinapatikana hapa hapa au mpaka viagizwe Mombasa. Ukiwa na nia ya kutoka nje ya miamba wakati wa kusi, hilo ni jambo jingine: keti kwanza na nahodha anayeijua njia hiyo.

Niko Mayungu, Malindi. Nitajuaje mashine ni nzima kabla sijatoa fedha?

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mashine iliyokwisha kupata moto huwaka kwa mvuto mmoja hata ikiwa imechoka. Unayotaka kuiona ni ile inayowashwa ikiwa baridi.

Anza na gia, huko chini, maana ndiko watu wasikotazama. Weka sahani, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Tazama oili inavyotoka. Ikiwa ya rangi ya asali au nyeusi kidogo, sawa. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya chumvi yameingia, na beringi na meno ya gia huenda yameanza kuliwa na kutu. Paka oili hiyo kidoleni uisugue: unga laini wa chuma ni wa kawaida, lakini ukihisi vipande, achana nayo. Kisha toa propela utazame nyuma yake. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti, umekaza kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Mshipi huo ndio unaokata sili, ule mpira unaozuia maji, na sili ikikatika ndipo maji huingia. Wakati wa kurudisha oili, isukume kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu. Funga la juu kwanza.

Pili, kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote, zima umeme kwa kuchomoa kamba ya usalama, fungua mpini wa mafuta mpaka mwisho, funga geji kwenye tundu la plagi na uvute kamba ya kuwashia mpaka mshale usipande tena. Usisumbuke sana na namba yenyewe. Linganisha silinda kwa silinda. Moja 110 na nyingine 105, hakuna neno. Moja 110 na nyingine 80, ringi au pistoni imekwisha, hata kama rangi ya nje yang'aa.

Tatu, maji. Iwashe ndani ya pipa, maji yakipita juu ya lile bapa lililo juu ya propela. Usikubali iwashwe mkavu hata kidogo, impela, kile kigurudumu cha mpira kinachovuta maji ya kupoza mashine, huungua upesi sana. Maji yaruke kwa nguvu kutoka tundu la ubavuni. Kwenu Malindi hili ni muhimu zaidi, kwa sababu tope la mto Sabaki hulisugua lile gurudumu la impela kama msasa. Bei yoyote utakayokubaliana, ihesabie na impela mpya.

Faza: muuzaji asema kadiri oili inavyozidi kwenye petroli ndivyo mashine inavyodumu. Kweli?

Si kweli. Oili ikizidi, plagi hulowa, kaboni hujaa kwenye bomba la moshi na ringi hugandana. Ikipungua, pistoni hukwama. Fuata kitabu cha mashine yako. Nyingi za 15 za aina hii inayochanganyiwa oili kwenye petroli huchanganywa 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili ya mashine za boti. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa kukisia.

Matondoni: mashine ni ya mguu mrefu, ubao wangu wa tezi una kimo cha sentimita 39. Itanifaa?

Huo ni ubao wa mguu mfupi. Mguu mrefu, yaani ile sehemu ya mashine inayoshuka majini mpaka kwenye propela, ni wa ubao wa sentimita 51 hivi. Ukiuweka hapo utaburuta kwenye mchanga maji yakipwa. Tafuta nyingine.

Ngomeni: mashine ilizama mwaka jana, muuzaji asema aliiosha vizuri. Bei ni nusu. Niichukue?

Muulize mambo mawili: ilizama ikiwa inafanya kazi au imezimwa, na ilikaa saa ngapi kabla ya kufunguliwa. Iliyozama ikiwaka huvuta maji ndani ya silinda, na maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo fimbo ya pistoni hupinda. Iliyokaa usiku mzima bila kufunguliwa, beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) zimeshashika kutu, na kutu hiyo haioshwi kwa maji matamu wala dizeli. Itafanya kazi wiki kadhaa, kisha itakwama ukiwa mbali na pwani. Kama ilifunguliwa siku ile ile, na fundi aliyeifungua yupo na anakubali kuifungua tena mbele yako, sikiliza bei. Vinginevyo hata robo ni ghali.