Barua kwa mwanangu: baada ya Willie Mays

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami nashukuru kusikia kuwa wewe na mkeo hamjambo. Unaniuliza, tangu Willie Mays alipofariki Juni 2024, ni nani sasa mchezaji bora wa besiboli miongoni mwa walio hai. Na kwa kuwa unaishi Los Angeles, umekwisha kujijibu kuwa ni Shohei Ohtani wa timu yenu ya Dodgers.

Ohtani simbezi. Mwaka 2024, alipokuwa hawezi kuwarushia mpira wapigaji wa upande wa pili kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko, alipiga mipira 54 ikavuka ukuta wa uwanja na akaiba vituo 59, yaani alikimbilia kituo cha mbele bila kungoja mwenzake apige. Ila bado anacheza, na mimi hesabu ya mchezaji huifunga akishatundika daluga.

Kwangu mimi ni Barry Bonds. Usiku wa Mei 28, 1998, nikiwa naegesha teksi San Francisco, nilisikia redioni jambo lililonifanya nimwache abiria akingoja mlangoni. Giants, timu yake, walikuwa Phoenix wakicheza na timu ya Arizona, nyuma kwa 8-6, raundi ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, wamebakiwa na nafasi moja tu kabla ya kutolewa, na vituo vyote vitatu vina wakimbiaji wao. Bonds akaingia kupiga. Kocha wa Arizona akaamuru apewe kituo cha kwanza bure; na kwa kuwa vituo vilijaa, kila mkimbiaji alisogea mbele na wa kituo cha tatu akafunga, yaani kocha alikubali kuwazawadia wapinzani pointi moja kuliko kumrushia mtu yule mpira wa kweli. Na hesabu yake ilimlipa, kwani aliyefuata kupiga mpira wake ulidakwa, Arizona wakashinda 8-7.

Najua utanitajia dawa za kuongeza nguvu, na tuhuma hizo si za kupuuzwa. Ndizo zilizofanya waandishi wamnyime kura za kuingia Cooperstown, yaani Jumba la Mashujaa wa besiboli, miaka 10 mfululizo, ingawa alistaafu na mipira 762 iliyovuka ukuta, ambayo hakuna aliyeifikia katika ligi kuu ya Marekani. Lakini wengi wa wanaomtuhumu huanza kuhesabu baada ya msimu ule wa 1998. Kata yote yaliyofuata, utabaki na mtu aliyekwisha kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu, na ambaye mpinzani alimwogopa kiasi hicho.

Kama bado una hamu ya kunibishia, mwache Ohtani amalize kazi yake kwanza, uniletee Sandy Koufax, mrushaji wa zamani wa Dodgers wenu, aliyestaafu akiwa na miaka 30 tu kwa sababu ya maumivu ya mkono. Hapo nitakusikiliza.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako