Jibu: Kuonja gemu na muziki kabla ya kulipa

Mkuu, salama? Umeuliza kama ni haki kushusha gemu la wizi kwanza, ukilipenda ndiyo ulipe. Nilianza hivyo hivyo. Ile "nitalipa" yangu haikufika, na faili moja lilinijazia virusi hadi nikapiga Windows upya.

Kwanza angalia kama lina demo, yaani kipande cha kuonja bure. Kama halina, Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza. Gemu fupi unaweza kulimaliza na bado ukarudishiwa. Hapo utajijua na dhamiri yako.

Muziki ni rahisi zaidi. Bandcamp, tovuti ambayo wasanii huuza muziki wao, nyimbo nyingi unazisikiliza bure, na ukinunua faili wao kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya msanii. Mimi hulipa kwa kadi ya M-Pesa, mitandao mingine ya simu sijajaribu.